Ngao ya Njano Kwenye Kona ya Skrini

Mjomba Jose alisema mimi sitawahi kutengeneza kitu chochote maishani isipokuwa fujo. Alisema hivyo mbele ya wageni, kikombe cha chai mkononi, na wageni wakacheka. Mwalimu wangu wa darasa alimwambia Mama kwamba mtoto anayefungua kila kitu ataishia kufungua milango ya watu, na akamshauri anipeleke mapema kwa babu nikachunge ng'ombe. Kinyozi wa pale kona, ambaye tulimwita Maish kwa sababu yeye aliita kila mtu hivyo, alinishika vidole siku moja, akavigeuza geuza kama anayenunua karoti, akasema vinafaa kazi moja tu, kumenya viazi. Nawakumbuka wote. Leo nina stashahada ya teknolojia ya mawasiliano ndani ya fremu nzuri. Nimefanya kazi Doha, nikasimamia mitambo ya hoteli ambayo Mjomba Jose hangeruhusiwa hata kusimama langoni, na nimerudi nyumbani kwa tiketi niliyoinunua mwenyewe, bila mchango wa mtu. Duka langu liko Nakuru mjini, ghorofani, na jina lililo mlangoni ni langu. Mkisema najigamba, ni sawa. Najigamba. Nani mwingine atanigambia?

Lakini wiki iliyopita mama mmoja aliniletea kompyuta ya zamani, ile yenye skrini yenye kisogo kama friji ndogo, akauliza kama inaweza kufufuka. Niliiwasha. Ilipopata joto ikatoa ile harufu: vumbi linalookwa polepole, plastiki kuukuu, waya unaotaka kuungua lakini haujaamua. Ninyi wa rika langu mnaijua. Mimi, mtu mzima mwenye wafanyakazi, ikabidi niketi. Nilikuwa nimerudi kwenye sebule ya Mama, mwaka ule mbaya.

Mama alikuwa mchapaji. Hakuwa na ofisi. Kompyuta ilikaa kwenye meza ya kona pale sebuleni, imevishwa vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe. Skrini ilikuwa na chake, kibodi na chake, printa na chake, hata kipanya alikuwa amekifumia kofia. Majirani walimwita Mama Printa. Watu walimletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono, naye akazitoa zikiwa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote programu za mazishi. Mnajua kwetu mambo yalivyo. Kuna kile kitabu kidogo chenye picha ya marehemu mbele, ndani ratiba, wasifu na nyimbo. Halafu kuna ile picha kubwa inayotiwa kwenye fremu, ikafungwa utepe, akapewa mjukuu aibebe mbele ya jeneza. Mtu hazikwi bila uso wake kutangulia. Niliwahi kumsikia Mama akimwambia mteja kwamba mwenye kufa akisahauliwa jina linaweza kuulizwa, lakini uso huwezi kuuliza mtu.

Mwisho wa mwaka Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, alimletea Mama simu yenye waya wa kuunganisha kompyuta na intaneti. Ilienda pole kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi, lakini ilienda. Na tangu siku hiyo, kwenye kona ya chini ya skrini kikaanza kutokea kitu kidogo: ngao ya njano.

Kisha uchaguzi ukapita vibaya, na mtaa wetu ukabadilika sauti. Watoto hawakusikika tena nje. Filimbi zilisikika badala yake, na mabati yakipigwa mahali fulani mbali, na wakati mwingine kimya ambacho kilikuwa kibaya kuliko filimbi. Harufu ya matairi yaliyochomwa iliingia hadi kwenye mablanketi. Wanaume wa mtaa, Maish kinyozi akiwa mmoja wao, walikaa langoni mwa mtaa na fimbo. Barabara ya Naivasha ikafungwa na Baba akabaki huko. Simu ya Mama ililia mchana kutwa, na ujumbe ulikuwa ule ule kutoka kwa kila mtu: U safe? Are you safe? Hilo neno la Kizungu, safe, yaani salama, nililijua vizuri mwezi ule kuliko neno jingine lolote. Na kwa Kiswahili neno lilikuwa ulinzi. Nani yuko kwa ulinzi. Ulinzi wa huko chini ni dhaifu. Bila ulinzi tumekwisha.

Basi mtoto mwenye akili kama mimi ungetegemea aione ile ngao namna gani? Ngao niliijua, iko katikati ya bendera yetu. Na hapa palikuwa na ngao inayowaka kwenye kona ya skrini, siku baada ya siku, ikiomba ruhusa, na Mama akiibonyeza iondoke.

"Mama, kompyuta inataka kutulinda," nikamwambia. "Mbona unaikataza?"

Mama alikuwa amechoka. Alisoma yale maandishi kwamba masasisho yako tayari kuwekwa, akaniangalia, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Haya," akasema. "Itulinde basi."

Akabonyeza. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, maandishi yakituonya tusizime kompyuta. Mimi niliketi pembeni yake kama askari, na usingizi nilioupata siku hiyo ulikuwa mtamu. Nyumba yetu ilikuwa na ngao.

Asubuhi yake Mama Naomi akabisha mlango.

Alikuwa mama mtu mzima kutoka upande wa Rongai, mteja wa zamani. Mwaka uliotangulia Mama alikuwa amewachapia, yeye na mumewe Mzee Elijah, programu ya ibada ya shukrani ya ndoa yao. Sasa alisimama mlangoni amevaa koti la mwanamume na viatu visivyolingana, na hakutaka kuketi.

"Mama Printa, ile picha ya Elijah bado iko?"

"Ile ya kanisani? Iko. Niliihifadhi. Kwani Mzee yuko wapi?"

"Elijah ameniacha," akasema, sauti kavu kabisa. "Tulikimbia usiku, nyumba ikiungua. Tumefika hapa Nakuru presha ikampanda. Hospitali wamejaribu. Kesho tunamzika Dundori, ndugu yangu ametupatia mahali. Lakini picha zote zimeenda na nyumba, mama. Zote. Hata kitambulisho chake. Mjukuu atabeba nini mbele? Fremu tupu?"

Mama alimshika mikono, akamketisha kwa nguvu, kisha akaanza kuivua kompyuta vitambaa kimoja kimoja. "Usijali," akasema. "Yuko hapa ndani."

Akawasha. Kile kilima cha kijani, picha ya mwanzo ya skrini, kikatokea, nikafurahi. Akafungua ile programu yake ya kuchapia. Skrini ikawa buluu yote, buluu ya sare za shule, imejaa maandishi meupe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kisha ikazima yenyewe, ikawaka yenyewe. Mama akajaribu tena. Buluu. Mara ya tatu haikufika hata kwenye kilima. Ilikuwa inawaka, inatoa buluu, inajizima, inawaka, kama mtu anayeshtuka usingizini. Ile harufu ya vumbi la moto ikajaa sebule. Mama Naomi hakuwa akijua chochote kuhusu kompyuta, lakini alikuwa akiuangalia uso wa Mama, na huo aliujua kusoma.

"Ameungua na huko pia?" akauliza.

Mama aliniambia nikimbie nyumba ya pili nikamwite Mjomba Jose.

Mjomba Jose, kaka yake Mama, alikuwa amesoma kozi ya kompyuta mjini na alitaka ijulikane. Aliingia akiwa na begi dogo la zipu, akaizunguka mashine bila kuigusa, akasema ni umeme. Umeme unaruka, alisema, mnaona vile balbu inapepesa? Mashine inataka stebilaiza ya kuutuliza. Kinyozi anayo.

Nikatumwa kwa Maish. Kibanda chake kilikuwa nusu wazi na wanaume wawili walikuwa wakingoja kunyolewa.

"Niaje, fundi wa viazi?"

"Maish, Mama anaomba stebilaiza. Kompyuta imekufa na picha ya marehemu iko ndani."

Aliacha kucheka. Akazima mashine ya kunyoa, akaichomoa stebilaiza ukutani, akawaambia wateja, "Wazee, kichwa kitangoja, maiti haingoji." Akaniwekea mikononi. Ilikuwa nzito kama mtoto. "Ukiiangusha, maish, usirudi mtaani."

Tukaiunganisha. Mwanga ukatulia, sindano ya stebilaiza ikasimama katikati, na kompyuta ikatoa buluu ile ile.

Hapo Mjomba Jose akafungua begi, akatoa sidii iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi. Mnaikumbuka dawa ya siku zile. Kompyuta ikipiga chafya, format. Ikichelewa kuamka, format. Hata sauti ya spika ikipotea, fundi angekuambia kwa uso wa daktari kwamba hakuna njia nyingine, futa kila kitu, weka upya, lipa. Mji mzima ulitibu hivyo.

"Nifanye format," akasema Mjomba. "Saa moja tu iko sawa."

"Na picha?"

"Picha itaenda. Lakini mashine itapona."

Mama alisimama kati yake na meza. "Jose, ukishaifuta, utamchora Elijah kwa mkono?"

"Sasa dada, unataka nifanye nini? Imeoza! Hiyo ni virusi ya hizo mambo mlizoweka jana. Nani alikuambia ukubali?"

Mama hakunitazama. Mimi ndiye niliyetazama chini. Lakini sikuamini ni ngao. Niliwaza kwamba ngao inapigana na kitu kibaya, ndiyo maana mashine inatetemeka, na kwamba tungeiacha ishinde. Mama Naomi alikuwa ameketi na lile koti la mumewe, akivuta uzi mmoja kwenye mkono wa koti, anauvuta, anauzungusha kidoleni.

Wakati Mjomba akiifuta sidii kwenye shati, kompyuta ilijizima na kujiwasha tena, na kabla ya buluu kikatokea kitu kingine, ukurasa mweusi wenye mistari ya maandishi, na chini yake nambari zikihesabu kurudi nyuma. Mjomba aligonga Enter bila kutazama. Buluu. Ikajiwasha tena. Ukurasa mweusi. Akagonga tena.

"Mjomba, hapo pameandikwa kitu."

"Pameandikwa bonyeza Enter. Toka hapo."

"Hapana, pameandikwa mambo mengi. Wacha nisome."

"Usome nini wewe? Hata redio ya babu ulifungua ikabaki na skrubu za ziada!"

"Jose," Mama akasema, "mwache asome. Kusoma hakufuti kitu."

Hilo ndilo neno lililoniajiri, kama mnataka kujua kazi yangu ilianza wapi. Niliketi kwenye kiti. Miguu haikufika chini. Ukurasa ulipotokea tena nikagusa mshale mmoja kwenye kibodi, kwa kubahatisha, na zile nambari zikaacha kuhesabu. Zikasimama tuli, zikiningoja. Mjomba akainama kutazama. Hakuwa anajua kwamba zinaweza kusimama, kwa sababu hakuwahi kuzipa nafasi.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na maneno mengine yalinishinda. Mwalimu Were alikaa ukuta mmoja nasi, na nilipanda kwenye ndoo nikamwita kupitia dirisha la jikoni, nikaomba kamusi. Akanipa kupitia vyuma vya dirisha. "Irudi na kurasa zake zote," akasema, "na usiifungue kwa mikono ya mafuta." Nikasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kamusi. Ukurasa uliomba radhi kwanza, jambo lililonishangaza, maana mwezi ule hakuna mtu aliyekuwa akiomba radhi. Kisha ukasema huenda kuna mabadiliko ya karibuni ya hardware au software. Hardware niliijua kuwa duka la misumari na mabati, nikaangalia juu kwenye paa letu. Kamusi ikanirudisha chini: vifaa vya kompyuta, au programu zake. Kisha yakaja machaguo, na la kwanza lilikuwa "Safe Mode".

Safe. Neno lililokuwa kwenye simu ya Mama mwezi mzima.

"Mama, hii inauliza kama sisi tuko safe," nikasema.

"Ijibu," akasema Mama.

Nikabonyeza. Maandishi meupe yakashuka kama mvua, mengi, na nakumbuka nikisikia filimbi mahali upande wa reli na hakuna aliyegeuza kichwa. Kisha skrini ikafunguka. Ilikuwa mbaya, kilima cha kijani hakikuwapo, kila kitu kilikuwa kikubwa na cheusi, na lile neno liliandikwa kwenye pembe zote nne. Lakini ilisimama. Haikuzima. Mama aliinama juu ya bega langu, akashika kipanya, akafungua lile folda la ibada ya shukrani.

Mzee Elijah akatokea, suti ya kijivu, ua mfukoni, anacheka mdomo wazi na lile pengo la jino la mbele.

Mama Naomi alitoa sauti ambayo sijawahi kuweza kuieleza. Alikuja hadi kwenye skrini akamgusa mumewe shavu, na umeme mdogo wa skrini ukampiga kidoleni, akarudisha mkono, akasema, "Hata leo ananitania."

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Printa ilikataa. Katika hali ile mashine ilikuwa inaendesha vitu vichache tu, na kuchapa hakukuwa kimojawapo. Ningeweza kuwaeleza leo kwa nini, kwa michoro, nimelipwa pesa nzuri kueleza mambo kama hayo. Siku hiyo nilichojua ni kwamba yumo ndani na hawezi kutoka.

"Itoeni kwa flashi basi," akasema Mjomba, sasa sauti yake imeshuka. "Picha ikishatoka nafanya format bila wasiwasi."

"Na ile sidii ya printa unayo?" Mama akamuuliza. "Na ya programu yangu? Zilipotea tulipohama. Ukifuta, nitachapa na nini kesho?"

"Kwenye maduka ya saiba mjini..."

"Mji umefungwa tangu asubuhi, Jose. Wewe mwenyewe umerudi kutoka huko."

Flashi wakati ule ilikuwa kitu cha watu wenye ofisi. Mama alimjua mmoja tu, Mama Hansa, Mhindi mwenye duka la vitambaa alikokuwa akinunua nyuzi za kufumia. Duka halikuwa mbali, na familia yake ilikaa juu yake. Mjomba ndiye aliyenipeleka, nampa haki yake. Tulitembea katikati ya barabara kwa sababu alisema kandokando ni hatari. Maduka yote yalikuwa yameshusha mabati. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kwenye mtaro. Mjomba alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, akanishika hivyo njia nzima, na mkono wake ulikuwa na baridi.

Mama Hansa alitoa kichwa dirishani juu. "Nani? Duka imefunga!"

"Mama Hansa, ni sisi wa Mama Printa!" Mjomba akaita. "Tunaomba flashi! Ya mazishi!"

"Mazishi ya nani?"

"Mzee fulani wa Rongai! Humjui!"

Akapotea. Tukangoja pale chini, migongo yetu kwenye mabati, na kila sekunde ilikuwa na masikio. Kisha kikapu kidogo kikashushwa kwa kamba, kama anavyonunua mboga bila kushuka ngazi, na ndani yake flashi imefungwa kwenye leso. "Wewe toto ndogo ndiye nakupa," akasema, akinionyesha mimi kidole. "Huyo mkubwa sijui yeye. Wewe ndiye utarudisha."

Picha ikatoka. Ilinakilika bila taabu, na nilipoichomoa ile flashi nikampa Mama Naomi aishike, akaifunga kwenye pindo la leso yake, akaweka mkono juu. Lakini flashi haibebwi mbele ya jeneza. Ilibaki kuiponya mashine yenyewe, na siku ilikuwa inainama.

Mama ndiye aliyesema. "Kijana wangu, ule ukurasa ulisema mabadiliko ya karibuni. Mabadiliko yetu ni yale ya jana. Tutafute tuyatoe."

Tukayapata kwenye orodha ya vitu vilivyowekwa, baada ya kuweka alama kwenye kijisanduku kilichokuwa kimeyaficha. Yalikuwa mengi, majina yake nambari tupu. Nikaweka mshale kwenye la mwisho. Na hapo nikakwama.

"Bonyeza," Mjomba akasema.

"Siwezi."

"Kwani imekataa?"

"Hapana." Nilikuwa nalia bila kutaka. "Mama, tukiitoa ngao, nani atatulinda?"

Mjomba alifungua mdomo ili anicheke, ninavyomjua, lakini hakucheka. Akaangalia mlango. Mama alichuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na yangu.

"Ngao gani?"

Nikamwonyesha kona ya skrini, mahali ilipokuwa ikikaa. Alielewa polepole, nikaona jinsi kulivyomuumiza.

"Hiyo inalinda kompyuta tu," akasema. "Haijui hata kama kuna lango. Haijui kama kuna mtaa."

"Kwa hivyo tangu jana tulikuwa hivi hivi?"

"Tulikuwa hivi hivi. Na tumeamka."

Nimesomea usalama wa mitandao nikiwa ughaibuni, nikapewa cheti na mhuri, na hakuna aliyewahi kunifundisha zaidi ya hapo. Nikabonyeza. Lilipotoka la kwanza nikaruka kitini, nikaenda dirishani, nikatazama langoni. Maish na wenzake walikuwa palepale wakipeana sigara. Nikarudi. Tukawasha kompyuta upya kwa njia ya kawaida. Buluu. Tukarudi kwenye ukurasa mweusi, nikasimamisha nambari, nikaingia tena, nikatoa jingine, nikaenda dirishani. Maish bado alikuwapo. Hivyo ndivyo tulivyofanya, toa, washa, buluu, dirishani, na mara nyingine mtu langoni aligeuka ghafla nikainama chini ya dirisha, kumbe ni mbwa. Mjomba alianza kunisomea majina ya nambari kwa sauti ili nisikosee. Hakusema tena format. Mama Naomi aliomba kwa lugha yake, chini chini, bila kukoma.

Na kuna moja lilitoka, tukawasha, na kilima cha kijani kikatokea na kikabaki. Mama akafungua programu yake ya kuchapia. Tulingoja buluu. Haikuja. Akachapa jina la Mzee Elijah, herufi moja moja, kama anayevuka mto juu ya mawe, akihifadhi kila baada ya neno. Kisha printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na paji la uso likaanza kutoka, halafu macho, halafu lile pengo.

Mama Naomi alinirudishia flashi, akaipokea karatasi ikiwa bado na unyevu wa wino. "Ningejua ingekuwa hii," akasema, "ningemwambia afunge mdomo." Akacheka, na ndipo akalia, na sisi wote tukamwacha alie.

Kesho yake walipita njia ya Dundori wakiwa na polisi mbele, na Elijah alitangulia jeneza lake juu ya vilima vile vya viazi, mikononi mwa mjukuu wake, akiwacheka wote waliokuja.

Barabara zilipotulia kidogo, niliweka siku moja ya kurudisha vitu vya watu. Sikutaka Mama anisindikize. Maish alipokea stebilaiza, akaikagua kila pembe, akaichomeka, akaniketisha kwenye kiti kikubwa akaninyoa bila kuulizwa, na hakutaja viazi. Mwalimu Were alihesabu kurasa za kamusi kwa kidole gumba, vrrr, akasema nitamwandikia insha kwa Kiingereza cha ule ukurasa mweusi. Kwa Mjomba Jose nilipeleka ile sidii yake, ambayo aliiacha mezani kwetu. "Hii hapa, Mjomba. Haikutumika." Aliitia kwenye begi na kufunga zipu. Kisha akaniuliza, akitazama pembeni, ule mshale niliugusa upi, wa juu au wa chini.

Wa mwisho alikuwa Mama Hansa. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu. Alichomeka flashi kwenye kompyuta yake ya mezani kuona kama vitu vyake viko, miwani puani. Vilikuwa picha za harusi ya binti yake, maua, dhahabu, watu wamejipanga. Na katikati yao, suti ya kijivu, akicheka.

"Huyu nani?"

"Ndiye yule mzee wa Rongai. Samahani, Mama Hansa, nilisahau kumtoa. Nitamfuta sasa hivi."

Nilinyosha mkono kwenye kibodi yake. Akaushika.

"Picha ingine yake iko wapi?"

"Kwa kompyuta ya Mama. Na ile karatasi ya mazishi. Nyumba yake iliungua."

Alimtazama Mzee Elijah, na nje mtu alikuwa akiinua mabati ya duka la jirani kwa kelele.

"Kompyuta yenu inaharibika," akasema. "Karatasi inaungua. Wacha yeye akae hapa kwa harusi. Bibi yake wa nyumbani akitaka, atakuja duka yangu, nitatoa." Akachomoa flashi, akaifunga kwenye leso yake ile ile, akaitia mfukoni mwake badala ya kwenye droo. "Sasa hakuna deni. Enda nyumbani, fundi."